Watoto wangu wanatamka silabi lakini hawaelewi wanachosoma: je, vitabu vya maktaba vitawasaidia?

*"Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Wilaya ya Chamwino, Dodoma. Mwaka huu nimekabidhiwa maktaba, ambayo kwa kweli ni kabati moja ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu na maboksi manne ya vitabu vya msaada, vingi vya Kiingereza. Darasa langu la tatu lina watoto 87. Wengi wanatamka silabi vizuri na wanafika mwisho wa sentensi, lakini ukimuuliza mtoto amesoma nini, anakutazama tu. Nyumbani wanaongea Kigogo. Mwalimu mkuu anasema vitabu vibaki kabatini mpaka watoto wajue kusoma, maana wakipewa sasa watavichana na yeye ndiye atakayeulizwa. Wenzangu wanaona maktaba ni ya madarasa ya juu. Nianzie wapi? Nirudi kwenye a, e, i, o, u? Na je, niwaruhusu wapeleke vitabu nyumbani?"*

Mwalimu, nianze na hilo la vitabu kusubiri mpaka watoto wajue kusoma. Hofu ya mwalimu mkuu wako ninaielewa na nitairudia, kwa sababu ni hofu ya mtu anayewajibika. Ila kwa upande wa watoto, mambo yamewekwa kinyume. Kusoma hukomaa kwa kusoma. Mtoto aliyekwisha kujua silabi anahitaji kurasa nyingi nyepesi, tena na tena, na kitabu cha kiada peke yake hakiwezi kumpa kurasa hizo. Hadithi zake ni chache, na nina hakika watoto wako wameshazikariri kwa kuitikia darasa zima. Ukitaka kuhakikisha, mwite mmoja, umwambie asome mstari wa tatu kutoka chini badala ya kuanzia juu. Wengi watakwama hapo hapo. Kwa hiyo wa kwanza kuingia katika maktaba yako wawe hao hao unaoniandikia habari zao.

Tazama kwa karibu kinachotokea mtoto wa aina hiyo anaposoma sentensi kama hii: *Bibi alipofika kisimani hakumkuta mbuzi wake.* Anaanza: bi-bi, bibi. Halafu a-li-po-fi-ka. Neno moja, silabi tano, na ndani yake mna nani, lini na alifanya nini. Anazitamka moja moja, anarudi nyuma kuziunganisha. Ki-si-ma-ni. Anavuta pumzi. Ha-ku, hapo "m" inamtatiza, anajaribu "mu", anaiacha, anaendelea. Akifika kwenye mbuzi, bibi ameshamtoka kichwani. Kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu hubeba vitu vichache kwa sekunde chache. Ikijaa silabi, maana inakosa pa kukaa. Mtoto huyo hakuzembea. Amefanya kazi kubwa kuliko wewe na mimi tunaposoma sentensi hiyo hiyo, ila nguvu yote imeishia kwenye herufi.

Kiswahili kina wepesi wake. Irabu ni tano, na herufi husomwa karibu kila mara kwa sauti ile ile, kwa hiyo mtoto hutamka mapema kuliko anayeanza kusoma kwa Kiingereza. Wepesi huo ndio unaotudanganya sisi walimu: tunamsikia anatamka, tunamwekea tiki. Ndiyo maana kipimo cha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kilichowekwa nchini kwa darasa la pili hakiishii kwenye kutamka. Kinataka maneno 50 kwa dakika, na pamoja na hayo mtoto ajibu vizuri asilimia 80 ya maswali ya ufahamu.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kutoelewa. Ya pili ni lugha yenyewe. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kwa njia rahisi ambayo bado inatusaidia: kuelewa maandishi kunahitaji uwezo wa kuyatambua maneno na uwezo wa kuielewa lugha inaposemwa, na kimoja kikikosekana kabisa, kingine hakiokoi kitu. Mtoto wako wa Kigogo anaweza kutamka neno "kunyemelea" bila kosa hata moja na lisimwambie chochote, kwa sababu hajawahi kulisikia likisemwa na mtu.

Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, wajue watoto wako wana tatizo lipi kati ya hayo mawili. Huhitaji fomu wala mtu kutoka mjini. Andika hadithi fupi ya maneno kama 60 ambayo hawajawahi kuiona. Mwite mtoto mmoja pembeni, asome kwa dakika moja, uhesabu maneno aliyosoma sawasawa, kisha umuulize maswali matatu. Halafu chukua karatasi, umsomee wewe hadithi ile ile kwa sauti nzuri, umuulize tena. Akielewa alipokusikiliza ilhali alishindwa aliposoma mwenyewe, Kiswahili anacho. Kinachomwangusha ni kasi. Asipoelewa hata ulipomsomea, anahitaji lugha kabla ya kitu kingine. Watoto watano kwa siku, baada ya wiki nne umemaliza darasa zima. Andika matokeo kwenye daftari lako, kwa kuwa utayahitaji utakapozungumza na mwalimu mkuu.

Kuhusu kurudi kwenye a, e, i, o, u: kwa darasa zima, hapana. Utawachosha wanaojua na kuwaaibisha wasiojua. Warudishe wachache tu ambao kipimo kimeonesha wanakwama kwenye silabi, na mara nyingi utakuta wanakwama pale pale, kwenye mbw, ngw, ny, kwenye tofauti ya ng na ng', na kwenye ile "m" inayosimama peke yake. Dakika 10 kwa siku, kundi dogo, inatosha.

Darasa zima linahitaji kitu kingine, nacho ni kusomewa. Hapa ndipo ningekuomba uweke nguvu zako kubwa. Kila siku, dakika 15 baada ya mapumziko, wasomee kitabu cha hadithi. Watoto 87 hawawezi kuona picha za kitabu kimoja, kwa hiyo wagawe makundi mawili, leo hawa, kesho wale, na kama chumba kinabana, toka nao chini ya mwarobaini. Waoneshe jalada, waulize wanamwona nani na yuko wapi. Chagua maneno matatu ambayo unajua hayasikiki majumbani kwao, uyaeleze kwa kitu au kwa kitendo. Kama neno ni hilo hilo "kunyemelea", mwite mtoto mmoja amnyemelee mwenzake, darasa zima litazame. Halitasahaulika. Wala sioni ubaya wowote ukilisema neno kwa Kigogo mara moja kisha ukarudi kwenye Kiswahili. Lugha ya kufundishia ya shule zetu za msingi ni Kiswahili, na mtoto anakifikia upesi zaidi akipitia kwenye kile anachokijua.

Soma polepole, simama mara mbili tu kuwauliza wanadhani nini kitafuata. Maswali mengi yanaua hadithi. Na zamu yao inayofuata wasomee kitabu kile kile. Najua wapo walimu wanaoona kurudia kitabu ni uvivu, au kwamba mtoto anayeomba hadithi ya jana hana hamu ya kujifunza. Ni kinyume chake. Mtoto anayejifunza Kiswahili shuleni hukamata kisa mara ya kwanza, mara ya pili hukamata maneno, na kufikia mara ya tatu utamsikia anasema sentensi pamoja nawe. Kitabu hicho ndicho atakachokichukua kabatini kwa mkono wake mwenyewe, na hapo kasi inaanza kujengeka, kwa sababu maana anayo tayari na macho yake yana nafasi ya kuzoea maneno. Mwache afuatishe kwa kidole. Kidole hicho kitaondoka chenyewe siku hakihitajiki.

Sasa vitabu utavipata wapi, maana maboksi yako yamejaa Kiingereza. Kwanza yapekue, mbele ya mwalimu mkuu. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 kutumika shuleni kwa sababu za maadili, na vingi vilikuwa vya hadithi za Kiingereza vya aina ile ile inayokuja kwenye maboksi ya msaada. Hakuna mwalimu anayetaka kukutwa na kitabu asichokisoma. Baada ya hapo, tenga vile vyenye picha nzuri na maneno machache. Hivyo unaweza kuvigeuza: andika sentensi ya Kiswahili kwenye kipande cha karatasi, ukibandike kwa gundi chini ya kila picha. Vya watu wazima, vya sheria za nchi za watu, ensaiklopidia zilizopitwa na wakati, viondoe kwenye kabati la watoto bila huruma. Kabati lililojaa vitabu visivyosomeka linamfundisha mtoto kwamba vitabu si vyake.

Ukikuta vya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, vitunze vizuri. Hivyo viliandikwa hapa hapa, kwa Kiswahili, kwa watoto wetu. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota, E&D Vision, Readit na Mathews nao wana hadithi za Kiswahili za watoto. Na kama nawe ulipata kimoja kati ya vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, ukifika penye mtandao mzuri fungua African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini. Una hadithi fupi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, na leseni yake inakuruhusu kuzipakua, kuzichapa, hata kuzirekebisha bila kulipa. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nayo usiisahau, hasa kwa vitabu vya kiada na ziada.

Lakini chanzo ninachokiamini kuliko vyote hivyo ni darasa lako lenyewe. Jumatatu asubuhi mwite mtoto mmoja asimulie kitu kilichotokea kwao. Wewe andika kwenye manila maneno yake, ukinyoosha sarufi kidogo tu:

*Juzi mvua ilinyesha sana.*
*Korongo lilijaa.*
*Mbuzi wetu wawili walibaki ng'ambo.*
*Baba alisubiri mpaka jioni.*

Sentensi nne. Kila mtoto darasani analijua korongo, anamjua mbuzi aliyebaki ng'ambo, anaijua hasira ya baba anayesubiri. Maana imetangulia, herufi zinafuata. Wasome pamoja, wasome wawili wawili, halafu mmoja mmoja. Ijumaa nakili hadithi hiyo kwenye karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, shona mgongo kwa uzi na sindano, mpe mwenye hadithi achore picha na aandike jina lake kwenye jalada. Nimewaona watoto waliokuwa wanajificha nyuma ya wenzao wakati wa kusoma wakigombania kitabu cha namna hii, kwa sababu mwandishi wake wanacheza naye.

Kisha ongeza wazee. Mtume mtoto aombe hadithi kwa babu au bibi, kwa Kigogo, aje aisimulie kwa Kiswahili. Hapo anafanya kazi kubwa ya lugha bila kujua kwamba ni kazi. Ugogo una hazina ya hadithi na nyimbo. Nyimbo hizo mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose alizibeba na ala zake, ilimba na zeze, mpaka majukwaa ya Ulaya, na sioni kwa nini zisifike kwenye kabati la shule ya Chamwino. Ukidumu na utaratibu huu muhula mzima utakuwa na vitabu vyenu wenyewe ambavyo hakuna mfadhili angeweza kuwaletea.

Turudi kwa mwalimu mkuu. Anachoogopa ni leja. Vitabu vimeandikwa kwa jina la shule, wathibiti ubora wakija wanahesabu, na kilichopotea kinamwangukia yeye. Usibishane naye kuhusu umuhimu wa kusoma, hilo analijua. Mpelekee utaratibu. Kila kitabu kiwe na namba na mhuri wa shule. Uwe na daftari la kuazimisha lenye safu za tarehe, namba ya kitabu, jina la mtoto, kimerudi lini na kikiwa katika hali gani. Majalada yavikwe karatasi ngumu au nailoni. Kisha mwombe mambo mawili. La kwanza, vitabu 20 tu vitoke kabatini, vikae kwenye boksi darasani kwako, kwa muhula mmoja, chini ya sahihi yako. La pili, kamati ya shule ikubaliane mapema, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kwamba vitabu vinavyochakaa kwa kusomwa vitaondolewa kwenye orodha kwa utaratibu. Jembe likiisha kwa kulima hakuna anayelalamika. Kitabu nacho kinaisha kwa kusomwa, na mwenye shule anapaswa kulikubali hilo kwenye karatasi. Mwoneshe na matokeo ya kipimo chako. Mwisho wa muhula pima tena, umpelekee namba mbili zikiwa pamoja.

Tena, kabatini si salama kama anavyodhani. Kwa mkoa wetu, adui mkubwa wa kitabu ni mchwa, na mchwa anapenda mahali pasipoguswa. Kabati lisigusane na ukuta, miguu iinuliwe juu ya matofali, na vitabu vitolewe kukung'utwa vumbi mara kwa mara. Vitabu vinavyozunguka mikononi mwa watoto havifikiwi na mchwa.

Kupeleka nyumbani: ndiyo, ila usianze nako. Anza na boksi la darasani mpaka utaratibu wa kuchukua na kurudisha uzoeleke. Baadaye ruhusu Ijumaa mpaka Jumatatu, kundi moja kwa wakati, na uanze na vile vijitabu mlivyovishona wenyewe, ambavyo vikipotea unanakili vingine. Nitakuwa mkweli: vingine vitapotea. Vingine vitanyeshewa, kimoja kitaliwa na mbuzi. Wapo watoto ambao wakifika nyumbani ni kuchunga na kuteka maji mpaka giza, na taa hakuna, na kitabu kitarudi kama kilivyokwenda. Kwa hao muda wa kusoma shuleni ndio wote walio nao, usiwanyang'anye huo kwa kutegemea nyumbani. Hata hivyo kwa mtoto anayepata hata nusu saa ya Jumapili mchana, kumsomea mama au bibi kunabadilisha mambo mengi. Waeleze wazazi kwenye kikao kwamba mzazi hahitaji kujua kusoma. Akae, asikilize, amuulize mtoto "halafu ikawaje?", kwa Kigogo, kwa Kiswahili, vyovyote.

Na tafadhali usiweke faini ya kitabu kilichopotea au kuchanika. Ukimtoza mzazi mara moja tu, kijiji kizima kitawakataza watoto kuazima, na mtoto mwenye hofu hashiki kitabu. Isitoshe, jambo hilo linaweza kuhesabiwa kama mchango usioruhusiwa, ukaingia matatani bila sababu. Mtoto aliyechana akae nawe akibandike kwa gundi na karatasi. Hiyo inatosha.

Wenzako wanaoona maktaba ni ya madarasa ya juu, wape kazi humo humo. Mtoto wa darasa la tano akae na wa darasa la tatu, wasome kitabu kimoja, mara mbili kwa wiki. Mkubwa naye anafaidika, hasa yule dhaifu ambaye angeona aibu kusoma kitabu chepesi mbele ya wenzake. Sasa amepata sababu ya heshima ya kukisoma. Usiwafanye wanafunzi bora kuwa askari wa maktaba wanaofukuza wenzao.

Mwisho, kuna watoto ambao yote haya hayatawatosha, na ni lazima uwatambue mapema. Baada ya muhula mmoja wa kusomewa kwa zamu na kusoma vitabu vyepesi, mtoto ambaye hajasogea kabisa anahitaji kuonwa na mtu ana kwa ana. Anza na macho na masikio. Je, anasogeza kitabu puani, anakunja uso akitazama ubao, macho yanatoa machozi au tongotongo? Je, anageuza kichwa ili akusikie, masikio yanatoa usaha, anaitika tu pale anapokutazama mdomo? Mkoa wetu, hasa Kongwa, umesumbuliwa na vikope (trakoma) kwa miaka mingi mpaka ukawa mahali pa tafiti za ugonjwa huo, kwa hiyo macho mekundu usiyaone jambo la kawaida. Zungumza na mzazi, mtoto aanzie zahanati au kituo cha afya, na wao watampa rufaa inapohitajika. Hospitali ya Mvumi imo wilayani kwenu na inajulikana kwa huduma za macho, na mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na ile ya Benjamin Mkapa.

Kama macho na masikio ni mazima, na mtoto anasimulia vizuri kwa mdomo, anahesabu, anacheza kama wengine, lakini herufi zinamchanganya zile zile kila siku, huenda ana disleksia au shida nyingine ya kujifunza. Hilo usilitangaze wewe wala mimi kwa barua, na kiboko hakilitibu. Mpelekee taarifa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu, ukiambatanisha daftari lako la vipimo. Kwa upande wa maktaba yenyewe, panga siku moja uende Maktaba ya Mkoa mjini Dodoma. Ni ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 1963, na kushauri shule ni sehemu ya kazi ya bodi hiyo. Omba wakuoneshe wanavyosajili na kupanga vitabu vya watoto, na mwombe mwalimu mkuu muende pamoja.